Santuri ya Zamani na Fuawe ya Mhunzi



Katika nyumba za baadhi ya wazee wetu, na hasa wale waliokuwa walimu au makatekista, hukutwa mpaka leo sanduku lenye kifuniko, ambalo watoto hawajui kazi yake. Ukilifungua utaona sinia la chuma lililovikwa kitambaa, na mkono wa bomba uliopinda kama shingo ya korongo, na ubavuni tundu la kutilia ufunguo. Hiyo ndiyo santuri ya zamani, isiyohitaji umeme wala betri. Mara nyingi imenyamaza kwa sababu ya kitu kimoja kidogo: kamani imekatika, au mpira umekauka, au mkono wa kupindia umepotea. Dukani kipande hicho hakipo. Basi wenye nyumba husema, "Imekufa," wakaifanya kibao cha kuwekea taa, au wakampa mnunuzi wa vyuma chakavu, naye huipima kwa kilo pamoja na majembe yaliyokwisha.

Katika ukurasa huu twataka kuonyesha kwamba haikufa, na kwamba vipande vyake vingi vyaweza kufanyizwa papa hapa kwetu, Sumbawanga na katika vijiji vya Ufipa, kwa mkono wa mhunzi, na wa mshona viatu, na wa mwalimu wa hesabu. Lakini twataka kuonya pia. Maana mtengenezaji asiye na subira aweza kuiua santuri upesi kuliko kutu. Na sahani zake zikiisha kuharibika, hakuna fundi awezaye kuzirudisha.

Ili tuelewane, katika maneno haya santuri ni mtambo wenyewe, na sahani ni kile kipande cheusi cha mviringo chenye sauti ndani yake.

SAUTI IMEKAAJE KATIKA SAHANI

Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alifanyiza mtambo wa kwanza wa kuiandika sauti na kuitoa tena; yeye aliiandika juu ya gogo dogo la mviringo. Miaka 10 baadaye, yaani mwaka 1887, Emile Berliner, mzaliwa wa Hanover katika Ujerumani aliyehamia Marekani, alipata hati ya kuandika sauti juu ya sahani bapa. Njia hii ya sahani ndiyo iliyoenea duniani, hata ikafika kwetu.

Tazama uso wa sahani kwa makini, utaona mfuo mmoja mwembamba unaozunguka tangu ukingoni mpaka karibu na katikati. Mfuo huo haukunyoka. Unatikisika kuume na kushoto. Kutikisika huko ndiko sauti. Sindano hupita katika mfuo, nayo hutikiswa. Hukitikisa kiwambo kilicho katika kisanduku cha sauti. Kiwambo hutikisa hewa iliyo ndani ya mkono wa bomba. Na hewa hiyo hutoka kwa njia ya pembe mpaka masikioni mwetu. Hapana umeme hata kidogo. Nguvu yote ya sauti ile yatoka katika mfuo wenyewe, na kwa hiyo mfuo hulipa gharama yote.

Sahani hizo za zamani zilifanyizwa kwa shelaki, utomvu utolewao na wadudu wadogo wa Bara Hindi na nchi jirani zake, uliochanganywa na unga wa mawe na masizi. Ni ngumu, lakini ikianguka hupasuka kama kigae. Sahani ya kadiri ya sentimita 25 hucheza kwa muda wa dakika 3 hivi, ikizunguka mara 78 kwa dakika. Mwenye kupenda hesabu ataona ya kwamba katika muda huo mfupi sindano husafiri zaidi ya mita 100 ndani ya mfuo, ikikandamizwa kwa uzito wa gramu 100 au kupita.

Na ndani ya mifuo hiyo kuna mali gani? Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari kwenda Bombay, na huko sauti yake ikatiwa katika sahani za His Master's Voice. Yeye alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert aliandika habari za maisha yake. Maisha yake twaweza kuyasoma katika kitabu; lakini namna alivyovuta pumzi na kulitamka neno, hayo hayamo kitabuni, yamo katika mfuo. Sahani za namna hiyo hazipigwi chapa tena, na nyingi zimekwisha kuvunjika. Huenda ile iliyo chini ya kitanda cha bibi yako ni moja katika chache zilizosalia. Haya ndiyo tuyalindayo tunaposhika tupa na nyundo.

JE, KAZI HII YAWEZA KUFANYIKA UFIPA?

Wako wasemao kwamba chombo cha Kizungu hakitengenezeki ila kwa Wazungu. Hao wameisahau nchi yao. Nyanda hizi za juu, katikati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, zilikuwa nchi ya wafua chuma kabla hajafika mmisionari wa kwanza. Mapadre Weupe walipokabidhiwa kituo cha Karema mwaka 1885, waliwakuta watu waliolima kwa majembe yaliyotoka katika udongo wa nchi yenyewe.

Wafipa walijenga matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yenye kimo cha kadiri ya mita 3. Chini waliacha matundu ya kutilia mabomba ya udongo. Ndani walipanga makaa na mawe ya chuma. Hawakuhitaji kuvukuta, urefu wa tanuri wenyewe ulivuta upepo. Chuma kilichotoka kilikuwa bado kichafu, kwa hiyo kilipelekwa katika tanuri dogo, kintengwe, na huko kilipulizwa kwa mivukuto mpaka kikatakata. Ndipo mhunzi alipokipokea juu ya fuawe akafua jembe, shoka na mkuki. Magofu ya malungu husimama mpaka leo katika sehemu za Nkansi na Sumbawanga, na wengi wetu tumepita karibu nayo tukidhani ni vichuguu.

Kazi hiyo ilikuwa na miiko na dawa ambazo sisi Wakristo hatuzifuati. Walakini ustadi wenyewe, yaani kujua jiwe lipi lina chuma, na rangi ya moto ina maana gani, ni kipaji cha Mungu aliyewapa watu akili. Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, mhunzi anatajwa kwa heshima, akaapo karibu na fuawe yake, akivumilia joto la moto, na macho yake yakikitazama kielelezo cha kitu anachokifanya.

Basi malungu yaliishia wapi? Majembe ya viwandani yaliletwa kutoka ng'ambo kwa bei nafuu, na wenye kuyeyusha chuma wakaacha kazi mmoja mmoja. Mwaka 1937 Greig aliandika habari za kazi hiyo ya Ufipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Katika miaka ya 1990 Bertram Mapunda, mtaalamu wa mambo ya kale wa Tanzania, ilimpasa kuchimba na kuchunguza mabaki ya matanuri ili kuitambua historia ya kazi ile. Fikirini jambo hili: kazi waliyoijua mababu kwa mikono, wajukuu yawapasa kuichimbua ardhini. Tanuri limesimama, lakini mkono uliolijua umekwenda zake. Vivyo hivyo santuri yaweza kusimama sebuleni miaka 100, na asiwepo mtu wa kuiamsha.

Walakini ufuaji haujakoma. Wako bado watu wajuao kunoa, kufua na kutia matiko, na mjini ziko karakana za kuunga vyuma, kukereza na kutoboa. Hao wanatosha kwa kazi yetu, wakiongozwa na kanuni moja.

KANUNI YA KAZI YOTE

Kanuni hiyo ni hii: kitakacholika na kiwe kile kipya, na kitakachobaki na kiwe kile cha zamani.

Kwa desturi, fundi hujivunia kipande kigumu kisichokwisha. Katika santuri fahari hiyo ni ya hatari. Ukiweka sindano isiyolika, mfuo ndio utakaolika. Ukiweka pedi ngumu ya kuzuia mwendo, gurudumu lake ndilo litakalochimbika. Ukitia kipande kipya kisichoingia tundu lake, ukatwaa tupa ukapanua tundu, umekiharibu kitu kisichopatikana ili kukiokoa kitu kipatikanacho. Chonga kipande kipya mpaka kiifuate santuri. Usiichonge santuri ikifuate kipande. Na kile kilichovunjika usikitupe, bali kifunge katika karatasi, ukiweke ndani ya sanduku. Hicho ndicho kielelezo cha fundi wa kesho.

Sasa na tuvitazame vipande kimoja kimoja.

KAMANI NA MKONO WA KUPINDIA

Moyo wa santuri ni kamani: utepe wa chuma cha pua, wenye upana wa milimita 20 mpaka 30 hivi na urefu wa mita kadhaa, uliokunjwa ndani ya kikopo cha chuma. Hapa panatakiwa onyo kabla ya maelezo. Kamani iliyotiwa ufunguo ina nguvu ya kukata vidole na kupofusha jicho. Kabla ya kufungua skurubu yo yote, achia breki, liache sinia lizunguke mpaka lisimame lenyewe. Watoto wakae mbali. Anayefungua kikopo avae glavu za ngozi, na kukifunika kikopo kwa gunia zito, maana hata kamani iliyolegea huruka ikitoka kifungoni mwake.

Kamani ikiisha kutoka, ioshe kwa mafuta ya taa, mbali na moto, ili grisi ya zamani iliyoganda itoke. Mara nyingi huonekana ya kuwa imekatika karibu na mwisho wake, penye tundu la kushikia. Hapo mhunzi wa kijijini aweza kuiponya. Hukata kipande kibovu, kisha hulainisha ncha kwa kadiri ya sentimita 3 tu: huifunga sehemu inayofuata kwa kitambaa kibichi, hutia ncha motoni mpaka iwe nyekundu hafifu, huiacha ipoe polepole. Ndipo hutoboa tundu jipya, mfano wa lile la zamani, na kulilainisha kingo zake kwa tupa ndogo. Moto ukipanda kupita ncha, matiko ya utepe yatatoka, na kamani haitakuwa kamani tena. Hapa ndipo afaapo yule mzee ajuaye rangi za chuma motoni kuliko kijana mwenye mashine kubwa. Lakini kamani iliyokatika katikati haiponi. Ni heri kuagiza mpya, kwani mpaka leo wako watengenezaji wa ng'ambo wazifanyao kwa vipimo. Kamani yenye kurudi kazini hupakwa grisi yenye unga wa grafaiti, nayo hukunjwa kwa mkono ndani ya kikopo, pole pole, watu wawili wakisaidiana.

Mkono wa kupindia, ukipotea, ni kazi nyepesi zaidi. Mhunzi hukunja ufito wa chuma uliolingana na tundu, akautia kishikio cha mti mgumu. Kabla ya kufua chuma, afanye kwanza mfano wa mti na kuujaribu katika tundu. Mti ukikosea, hasara ni dakika chache; chuma kikilazimishwa, hasara ni meno ya gurudumu la ndani.

KIDHIBITI MWENDO

Kamani peke yake ingelizungusha sinia mbio mwanzoni na kuchoka mwishoni. Kwa hiyo iko fimbo ndogo yenye vibati vitatu vyembamba, na katikati ya kila kibati kuna tufe dogo zito. Fimbo ikizunguka kwa kasi, matufe hutanuka nje kama sketi ya mcheza ngoma, hulivuta gurudumu dogo mpaka liguse pedi laini, na mwendo hupungua. Ukipungua sana, matufe hurudi ndani na mwendo huongezeka. Ndivyo mwendo unavyokaa sawa.

Vibati vikivunjika, vipya vyaweza kukatwa katika utepe mwembamba wa kamani ya saa ya mezani iliyoharibika, iwapo unene wake unalingana na ule wa vibati vya zamani. Vyote vitatu vikatwe mara moja, kwa urefu mmoja na unene mmoja, hata kama kilichovunjika ni kimoja tu. Matufe yapimwe kwa mizani. Kimoja kikizidi wengine, santuri itanguruma na sauti itayumba.

Pedi ya kuzuia ni kazi ya mshona viatu: kipande kidogo cha ngozi laini, kilicholoweshwa katika mafuta ya cherehani. Kisiwe na chembe ya mchanga, kwa maana upepo wetu wa kiangazi huleta vumbi kila mahali, na ngozi yenye vumbi huwa tupa.

Ili kujua kama mwendo ni sawa, weka kipande cha karatasi nyeupe chini ya ukingo wa sahani, shika saa, hesabu. Karatasi ipite mbele yako mara 26 katika sekunde 20. Hiyo ndiyo mizunguko 78 kwa dakika. Hesabu wakati sindano iko juu ya sahani, maana sindano nayo huvuta mwendo.

KISANDUKU CHA SAUTI

Hiki ndicho koo la santuri. Ndani yake mna kiwambo cha mviringo. Katika santuri za zamani zaidi kiwambo ni cha ulanga, lile jiwe ling'aalo linalobanduka kama karatasi; kwetu lilichimbwa katika milima ya Uluguru tangu zamani za Wadachi. Katika zile zilizofuata ni cha aluminiamu nyembamba. Kiwambo hukaa katikati ya duara mbili za mpira laini, na mpira huo ukikauka, sauti hukwaruza na kuwa kama ya bati.

Wengi hudhani kwamba kiwambo kimekufa, kumbe ni mpira tu. Na dawa yake iko kwa fundi wa baisikeli: ule mpira mwembamba wa vali, ulio mfano wa mrija, ndio mafundi wengi wameutumia badala ya ule wa asili. Pima mzunguko wa kisanduku, kata mpira kwa wembe ili ncha zake zikutane bila kupandana wala kuachana. Usikaze skurubu sana. Kiwambo kinatakiwa kushikwa kama mama ashikavyo mtoto: asianguke, lakini aweze kupumua. Ukikisukuma kidogo kijiti cha sindano kwa kidole, kikarudi chenyewe katikati, umefanya vizuri.

Kiwambo cha ulanga kilichopasuka chaweza kukatwa kingine katika ulanga safi, kwa mkasi mkali, kwa kufuata duara iliyochorwa. Mahali kijiti kinaposhikana na kiwambo, katikati kabisa, hutiwa tone la nta ya nyuki ili hewa isipenye. Nta hiyo nchi yetu haikosi.

CHUMA KISICHO CHUMA

Hapa mhunzi ajihadhari. Baadhi ya vipande vya santuri, kama vile mgongo wa kisanduku cha sauti au kiungo cha mkono, vyaonekana kama chuma, lakini ni mchanganyiko wa zinki. Zinki iliyochafuliwa kwa risasi huvimba na kupasuka yenyewe baada ya miaka mingi, bila kupigwa na mtu. Ukikitia kipande hicho katika moto wa mhunzi, huyeyuka kabla hakijawa chekundu. Zinki huyeyuka kwa joto la digrii 420 hivi, nalo ni dogo sana kwa makaa yanayopulizwa.

Basi kabla ya moto, leta sumaku. Isiposhika, kikwangue kidogo kwa tupa mahali pasipoonekana: rangi ya manjano ni shaba, rangi ya kijivu cheupe ni zinki au mwenziwe. Kipande cha zinki kisitiwe motoni wala kisipigwe nyundo. Kipimwe, kichorwe, na fundi mwenye kerezo afanyize kingine cha shaba ya manjano.

SINDANO

Tumeiacha sindano mwisho, maana ndiyo ndogo kuliko vyote, tena ndiyo yenye dhambi nyingi. Sindano ya chuma imekusudiwa upande mmoja wa sahani, kisha hutupwa. Watu huona hasara, hucheza nayo sahani 10 na 20. Kumbe unga wa mawe uliomo katika sahani huinoa sindano tangu mizunguko ya kwanza mpaka ilingane na mfuo. Ifikapo mwisho wa upande imekwisha kupata kingo kali pande zote mbili, na ikirudishwa mwanzoni huuchonga mfuo kama patasi. Unga mweusi uuonao juu ya ncha si uchafu. Ni nyimbo zilizosagwa.

Tena usitumie msumari ulionolewa, wala sindano ya cherehani. Sindano za santuri hufanyizwa mpaka leo ng'ambo, nazo huuzwa kwa mamia. Wala usiweke juu ya santuri hii sahani za vinaili zilizoanza kuuzwa mwaka 1948. Ni laini, zina mfuo mwembamba, nazo zitaharibika kwa mchezo mmoja.

Lakini iko sindano ambayo twaweza kuifanyiza wenyewe. Tangu mwanzo wa karne ya 20 watu wa Marekani na Ulaya waliotunza sahani zao walitumia sindano za mwanzi, na wengine miiba ya dungusi kakati. Twaa mwanzi mkavu uliokomaa, upasue vijiti vya pembe tatu, vyenye urefu wa sentimita 3 hivi, vichongwe mpaka viingie katika tundu la sindano. Uvitie katika nta iliyoyeyuka kwa moto mdogo, uviache vikauke. Kisha kata ncha kwa mshazari kwa wembe mkali, na ncha iangukie upande wa ganda la nje, maana huko ndiko kwenye ugumu. Baada ya kila upande, kata tena kidogo upate ncha mpya. Kijiti kimoja kitafaa mara kadhaa.

Sauti ya mwanzi ni ya chini kuliko ile ya chuma, na katika sahani iliyokwisha kuchongwa vibaya ncha huchoka kabla ya mwisho. Lakini kwa sahani njema ni ulinzi mkubwa: mwanzi hulika, mfuo hubaki. Kanuni yetu yote imo katika kijiti hicho.

KWA WALIMU NA WAZAZI

Mwalimu mwenye santuri mbovu ana somo la mwezi mzima. Wanafunzi na wachore kipande kwa ukubwa wake halisi, kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu, na kuandika vipimo kwa milimita. Wasipokuwa na chombo cha kupima unene wa waya, wauzungushe mara 20 juu ya penseli, mizunguko ikigusana, wapime urefu wa mizunguko yote, wagawanye kwa 20. Wasipokuwa na mizani ndogo, waning'inize matufe mawili katika ncha mbili za rula iliyofungwa uzi katikati, waone lipi linashuka. Kisha wachukue michoro yao kwa mhunzi na kwa mshona viatu, waketi, waulize, watazame. Mwanafunzi atajifunza kwamba hesabu ya darasani na nyundo ya mzee si wageni wawili, ni ndugu.

Na katika daftari la nyumbani iandikwe: tarehe, kipande kilichobadilishwa, kipimo chake, na kimefanyizwa kwa kitu gani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na ufundi vivyo hivyo. Laiti wenye malungu wangaliachiwa mwandishi katika kila kijiji, leo tusingalihitaji kuchimba ili kujua walichokijua.

Basi, mwenye santuri iliyonyamaza, kabla hujamwita mnunuzi wa chuma chakavu, ifungue pamoja na wanao, uone ni kipi kilichovunjika. Zihesabu sahani, uzifute kwa kitambaa kikavu, uzisimamishe wima mahali pasipo jua, usizilundike. Ukiwa na mhunzi mzee katika kijiji chako, mpelekee kazi hiyo sasa, ungali unaye, na umpe kijana wa kumshikia koleo. Kipande kitakachofuliwa siku ile chaweza kulika baada ya miaka michache, nayo si hasara, maana ndiyo kazi yake. Lakini yule kijana atakuwa amejua kukifanyiza kingine.